Mashine Isiyojua Nusu

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kazini leo, na mvua nayo imeanza leo, kama watu tulioahidiana. Kiwanda chetu kinafua mashuka ya hospitali na ya hoteli, na mvua kwetu ni msiba. Kamba za nje hazina kazi, kila shuka linakaushwa kwa pasi kubwa ya mvuke, na chumba cha pasi kinakuwa kama ndani ya chungu kilichofunikwa.

Msimamizi, ambaye akiwa hayupo tunamwita Mama Kengele, amenikubalia nusu siku mpaka mvua ziishe, kwa sababu binti yangu hanywi chupa. Tumejaribu chupa, tumejaribu kikombe, tumejaribu kijiko. Kipusa anafunga mdomo kama dirisha la ofisi saa kumi jioni. Basi asubuhi namwacha na mama mkwe, nafanya kazi saa mbili mpaka saa sita, halafu natimua mbio nyumbani. Mchana pasi ile ile anaishika mwanamke mwingine, naye ana mtoto mchanga.

Mvua zikiisha, Mkuu wa kiwanda ataangalia siku za kila mtu. Kipimo si kikubwa, hata wa nusu siku anakifikia. Atakayefika ataajiriwa moja kwa moja, na mwanawe atapata nafasi kwenye chumba cha watoto kinachojengwa nyuma ya bohari. Nisipofika, mama mkwe ameshasema: nifanye siku nzima kama wenzangu, na Kipusa aende kwa shangazi yake, dada mkubwa wa mume wangu, mpaka awe mtu wa kula. Huko ni mbali, na barabara sasa ni tope tupu, gari halipiti. Kwa hiyo mvua inayonitesa kazini ndiyo inayonilindia mwanangu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kipusa ameniuma. Jino halijatoka bado, lakini nia ipo.

Ijumaa, 8 Machi

Yule wa mchana jina lake la utani ni Pasi Moto, na si kwa sababu ya kazi. Ni ulimi. Leo alifika saa sita imeshapita sana, anacheka na mlinzi getini, mimi nimesimama na shuka mkononi kwa sababu pasi ikiwaka haiachwi peke yake. Kifua kilishalowa mpaka kwenye aproni. Akaniangalia akasema, mwenzangu, wewe mvua imekunyeshea ndani kwa ndani. Wote wakacheka.

Jumatatu, 11 Machi

Imewekwa mashine mlangoni. Unaweka kidole ukiingia, unaweka kidole ukitoka, na yenyewe ndiyo inayohesabu siku. Mkuu hataki tena kalamu ya Mama Kengele. Vidole vyetu vimekunjamana kwa maji, kwa hiyo kila mtu alikuwa anakisugua kwenye sketi kama anayewasha kiberiti.

Saa sita niliweka changu. Kioo kikaandika: siku za leo, 0.

Nikadhani nimekosea. Nikaweka tena. Sifuri. Nyuma yangu Pasi Moto, ndio anaingia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mapipa ya kufulia kwamba kumbe siku zote ni mzuka ndiye anayetupigia pasi.

Jumanne, 12 Machi

0. Na yeye wa mchana, nimesikia, 0. Pasi haikupoa tangu asubuhi mpaka jioni, lakini kwa mashine hakuna aliyeishika.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeonana na fundi wa kompyuta. Ana kichumba karibu na ngazi za kushukia kwenye boila. Tunamwita Nukta, kwa sababu akieleza jambo hupigapiga kalamu mezani mpaka meza inachoka. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akainama chini yeye mwenyewe kutafuta kingine.

Akaniambia mashine inachukua saa ulizofanya inazigawa kwa nane. Mimi nimefanya nne. Nne kwa nane. Nikamwambia hiyo ni nusu, hata mimi niliyeishia njiani na shule naijua. Akasema ni kweli, dada, lakini si kwa lugha hii.

Kumbe kompyuta zina lugha zao, si moja, na kila lugha ina adabu yake ya kugawa. Nyingine ukiipa nne kwa nane inakupa nusu bila ubishi. Nyingine inakwambia: umenipa namba nzima mbili, nami nitakurudishia namba nzima. Nane haiingii ndani ya nne hata mara moja, basi sifuri. Saba kwa mbili ni tatu, basi. Haiwashi taa nyekundu, haipigi kelele, kwa sababu kwake hakuna kosa.

Nikamuuliza ile nusu inakwenda wapi.

"Haiendi popote, dada. Hakuna aliyeiomba, kwa hiyo haikuwekwa."

Nilimwambia wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hiyo ingekuwa kweli kama mashine ingekusanya kwanza ikagawa mwisho. Hii inagawa kila jioni. Inamwaga haba kabla haijafika kwenye kibaba.

Anaweza kubadilisha, ni alama moja tu ya kuandika. Lakini alishamwomba Mkuu, na Mkuu alikataa kabla hajamaliza sentensi. Ripoti inayokwenda kwa wenye mali inapokea siku nzima tu, hataki namba zenye mikia. Siku ni siku.

Nilirudi nyumbani nimenyeshewa. Mama mkwe aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nilisema mvua.

Jumapili, 17 Machi

Nimefua vya kwetu, havikauki. Chumba kizima kina kamba, tunapita tumeinama.

Jumatano, 20 Machi

Mama mkwe amejua. Mama Kengele ni mwenzake wa maombi, na siri huko haina miguu mifupi. Hakugomba. Ningependa angegomba. Aliketi kitandani kwangu akamweka Kipusa mapajani, akasema hata baba yake huyu alikaa kwa shangazi yake akiwa hajaota meno, yeye akarudi kazini, na mtoto hakufa, tena alirudi amenenepa. Akasema, mama Kipusa, sikufukuzii mtoto, nakutafutia pumzi.

Jioni mume wangu alipiga simu kutoka kule wanakojenga daraja. Upepo ulikuwa mwingi kuliko maneno. Nililosikia vizuri ni moja tu: msikilize mama.

Nimejiona kama shuka lililoshikwa ncha mbili na watu wawili, kila mmoja anakamua upande wake, na wote wananitakia mema.

Jumatatu, 25 Machi

Nina habari, naziandika Kipusa akinyonya.

Nukta aliniita kichumbani saa nne, akafunga mlango nusu. Akasema amepata njia ya kupita pembeni bila kumuudhi Mkuu. Badala ya mashine kuanza na sifuri na kutafuta siku yangu, ianze kwa kumpa kila mtu siku moja nzima asubuhi, halafu jioni ipunguze alichopungukiwa. Mimi nimepungukiwa saa nne, basi ni hasi nne kwa nane. Ni nusu, lakini upande wa deni. Na kwa vile lugha yake inakata mkia popote inapouona, hiyo nusu nayo itakatwa ibaki sifuri. Moja toa sifuri, moja. Ninabaki na siku yangu.

Nikamuuliza kama huo si wizi. Akafikiri. Akasema lugha ile ile iliyokunyima ndiyo itakayokusamehe, yeye hajaongeza wala hajapunguza sheria. Nikamwambia na Pasi Moto je. Akasema wote.

Akaijaribu mbele yangu kwenye kompyuta yake. Akaandika nne. Ikatoka 1. Akaandika tena ili nione vizuri. 1.

Kesho anaihamishia mlangoni. Nimempikia mama mkwe uji bila kuombwa.

Jumanne, 26 Machi

0.

Jumatano, 27 Machi

0, na sasa najua kwa nini.

Jana sikungoja kuuliza, maziwa yalikuwa yanauma. Leo nimemkuta Nukta amekaa kwenye ngazi za boila, kalamu iko mfukoni, hapigi chochote. Akasema amefanya kosa la mtu wa lugha mbili. Kompyuta yake mezani inazungumza lugha moja, mashine ya mlangoni inazungumza nyingine. Aliiandika hesabu upya kwa lugha ya mlangoni, neno kwa neno, akasahau kwamba kwenye namba hasi lugha hizi mbili hazielewani.

Akanionyesha kwa ngazi zile zile. Tuseme mlango huu ndio sifuri. Ngazi za juu ni namba za kawaida, ngazi za kushuka kwenye boila ni namba hasi. Mtu hawezi kusimama katikati ya ngazi mbili, lazima atue. Lugha ya mezani kwake inamtuma mtu upande wa mlangoni daima, awe juu au awe chini. Lugha ya mashine inamtuma chini daima, popote alipo. Kwa watu wa ghorofani huoni tofauti, maana kwao chini ndiko mlangoni. Ni mpaka ufike huku gizani ndio unaona mmoja anapanda na mwingine anazidi kushuka.

Kwa hiyo nusu niliyopungukiwa imekuwa siku nzima niliyopungukiwa. Wanasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mashine hii nusu shari haiijui.

"Nimezunguka mlima mzima," alisema, "nikatokea pale pale nilipoanzia. Hata ningetaka kukuibia, lugha hii hainiruhusu. Nisamehe, dada."

Wakati tunaongea Mama Kengele alikuwa juu yetu, sijui tangu lini. Hakupiga kelele. Alimwambia Nukta asiguse tena ile hesabu. Mimi aliniambia twende tukatembee, tukaenda mpaka kwenye mashuka machafu, ambako hakuna anayesikiliza. Akasema akinitetea mara ya pili ataondolewa yeye, na yeye ana watoto wanne. Kidole kimoja, saa nane, siku moja. Chagua, mwanangu, akasema, na mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua ya mawe. Sikulala, hakuna aliyelala.

Jumanne, 2 Aprili

Saa sita ikapita. Pasi Moto hajafika. Nikapiga shuka moja, la pili, la tatu, na kila moja nalipiga na tusi lake moyoni. Mwisho alitokea, lakini hakuwa anacheka. Mwanawe alikuwa mgongoni, amelowa, analia kwa sauti iliyokauka. Mlinzi alikuwa nyuma yake anasema mtoto haruhusiwi ndani, hapa kuna mvuke.

Jirani anayemshikia amehama jana. Hakumwambia, alikuta mlango una kufuli. Na kumbe siku zote anachelewa kwa sababu mtoto wake hashibi haraka, naye hawezi kumbandua. Mimi nilidhani ni umbea wa getini. Getini alikuwa anamchekesha mlinzi ili asimwandike kuwa mchelewaji.

Mama Kengele hakuwepo. Nikamwambia leta. Nilikaa kwenye rundo la mashuka nikampa titi, maana yeye alishaishika pasi na langu lilikuwa linamwagika bure. Sikufikiri. Yule mtoto alinyonya kama anayelipiza kisasi.

Pasi Moto alimaliza shuka moja. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Mwenzangu, sisi ni mazuzu."

"Kwa nini?"

"Nusu yako na nusu yangu zinatupwa kila siku kwenye mlango mmoja. Kwani mashine imekataza mtu kuleta nzima?"

Sikumwelewa. Akaeleza. Leo wewe unapiga pasi siku nzima, mimi nakaa na watoto wote wawili, nanyonyesha wote wawili. Kesho mimi, wewe unakaa. Saa ni zile zile, kwa wiki mbili hatuongezi hata moja. Pasi ni ile ile, haikai bila mtu. Ila hakuna tena nusu ya kumwagwa. Moja, sifuri, moja, sifuri. Na sifuri hiyo ni halali, maana siku hiyo kweli hukuja.

Nikamtazama mwanawe titini kwangu. Nikafikiria Kipusa titini kwake. Nikasema nitafikiri.

Jumatano, 3 Aprili

Nimefikiri. Sitaki. Kesho nitamwambia.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilitaka kumwambia hapana. Nilipofika nyumbani nikakuta mama mkwe ametoa begi dogo juu ya kabati, analifuta ukungu. Akasema si la leo, analianika tu.

Nikarudi kiwandani na Kipusa mgongoni, mvua inanyesha, nikamwita Pasi Moto getini. Nikamwambia twende kwanza zahanati tukapimwe damu, wote wawili. Akasema umechelewa, mimi nimeshapimwa tangu jana, nilijua una wivu lakini si mjinga.

Jumatatu, 8 Aprili

Muuguzi amesema tuko salama. Mama Kengele amesema yeye anataka pasi isipoe, mengine hajayasikia. Mama mkwe ameyasikia. Hasemi nami.

Jumanne, 9 Aprili

Zamu yangu ya kwanza ya siku nzima.

Kumpeleka Kipusa kwa Pasi Moto asubuhi haikuwa kazi. Kuugeuza mgongo ndiyo kazi. Chumba chake kinavuja, amepanga sufuria tatu. Alimchukua mtoto kama mtu anayepokea mkate, akaniambia nenda, ukisimama hapo utatuharibia hesabu. Saa sita mwili wangu haukujua tumeafikiana nini. Ulimwaga maziwa yote chooni, mimi nimeegemea ukuta. Mchana ule ulikuwa mrefu kama mwaka wa njaa. Pasi inapumua, nami napumua nayo.

Saa kumi niliweka kidole. Kioo kikaandika 1.

Nilidhani nitafurahi. Nilikimbia. Nilimkuta Kipusa amelala, mdomo wazi, tone jeupe kidevuni, na si langu. Nikamchukua hivyo hivyo. Njiani nililia kidogo, mvua ikanisaidia kuficha.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekaa na wawili. Tumekaa kule kule kwa Pasi Moto, maana kwetu mama mkwe bado hasemi nami. Nani alisema hii ni siku ya sifuri.

Ijumaa, 19 Aprili

1. Nukta alinisimamisha ngazini, akasema ameona namba zetu zinapishana, akaelewa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Akasema sasa tunaipa mashine kitu kisicho na mkia, haina pa kukata.

Jumanne, 30 Aprili

Siku za kukaa nazo zina kifungo chake. Chumba, sufuria, watoto wawili, mlango wa kwenda nje una maji hadi kizingitini. Mwanawe Pasi Moto ameota jino, na yeye si wa nia tu.

Lakini nimeanza kumjua mwanamke yule kwa mwanawe. Mtoto akiamka anacheka kabla hajafumbua macho. Hafundishwi hivyo na mtu mbaya.

Jumatatu, 13 Mei

Leo haikunyesha. Wote kiwandani walishangilia. Mimi nilitazama juu nikaomba wingu.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Mashuka nje kwenye kamba, meupe mpaka macho yanauma. Malori yameanza kupita.

Alhamisi, 23 Mei

Ilikuwa zamu yangu ya kiwandani. Shangazi alifika saa tano asubuhi. Mama mkwe alimpigia simu bila kuniambia. Wakaja na lile begi hadi kwa Pasi Moto kumchukua Kipusa.

Haya nimehadithiwa, lakini nayaamini. Pasi Moto alikuwa amekaa kitandani, mtoto kila upande, wote wananyonya huku wamesinzia. Aliwaamkia, shikamoo mama, shikamoo shangazi, karibuni mkae. Mama mkwe akasema wamekuja kumchukua mtoto wao. Akajibu kwamba yeye mtoto huyu amekabidhiwa asubuhi na mama yake, na atamkabidhi jioni kwa mama yake. Shangazi akasema mimi nimetoka mbali. Akasema basi umechoka, shangazi, egemea hapo penye ukuta mkavu. Hakuinua sauti. Angeinuaje, angewaamsha.

Nilipoingia nikawakuta wanawake watatu wamepangana kitandani kama wanaosubiri daktari. Begi lilikuwa sakafuni. Niliwaamkia wakubwa. Nikamchukua Kipusa, naye akanishika shati.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "Kipusa haendi."

"Umeshaajiriwa?"

"Sijui. Mkuu hajasema."

"Kama hujui, unasimamia nini?"

"Nasimama hapa. Akisema nimefika, haendi. Akisema sijafika, nitatafuta kazi nyingine, na haendi. Wewe ulimwacha mwanao kwa sababu hukuwa na mtu. Mimi ninaye."

Mama mkwe alimtazama Pasi Moto muda mrefu. Pasi Moto, wa ulimi ule, alitazama sakafu.

Shangazi ndiye aliyecheka. Akasema yeye aliitwa tu, hakuja kuiba, na huko kwake ana wajukuu wa kumtosha. Akaomba maji ya kunywa.

Begi nilibeba mimi kurudi nalo nyumbani.

Ijumaa, 24 Mei

Nimekaa na wawili.

Ijumaa, 31 Mei

Mkuu ameyatoa majina. Mimi nimo, Pasi Moto yumo, sote kwa tundu la sindano. Zile siku za Machi hazikurudi, hakuna anayeziuliza. Chumba cha watoto bado, lipu haijakauka, wanasema labda mwezi ujao, labda ule mwingine. Kwa hiyo tunaendelea na moja, sifuri.

Jioni mama mkwe aliingia na ndoo ya maji ya moto, akaiweka karibu na mlango wangu. Akasimama kidogo, akanyoosha kitambaa cha Kipusa kilichokuwa kwenye kamba, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Jumatatu zamu ya nani ya kukaa?" akauliza.

"Yangu, mama."

"Mlete na yule mwenzake akae hapa. Kule kwao kuna unyevu, watapata kifua."

Nikamwambia nitamuuliza mama yake kwanza.